Norway tuchukue kipimo, vizimba tuviache

Kila ukizuka mjadala wa uchumi wa buluu nyumbani, Norway hutajwa: wamefuga samoni wakatajirika, basi na sisi tuige. Sisi tunaoishi huku Norway tunapaswa kusema wazi kwamba, kwa wakulima wetu wa mwani Zanzibar, cha kuigwa si vizimba vya samaki, ni kipimo.

Kizimba kimoja hapa hakiruhusiwi kupita samaki 200,000, wala kilo 25 za samaki katika mita moja ya ujazo. Chawa wa samoni, vimelea wanaomganda samaki, kwa kawaida huhesabiwa kila wiki na hesabu hutangazwa. Wastani ukivuka chawa jike mpevu 0.5 kwa samaki, mfugaji atibu au avune. Majira ya kuchipua, wakati vifaranga vya samoni wa mtoni vinashuka baharini, kikomo hushuka hadi 0.2. Tangu 2017 pwani nzima imegawanywa maeneo 13, kila moja likipewa rangi kama ya taa za barabarani kwa kadiri chawa wanavyodhuru samoni wa mtoni: kijani unaruhusiwa kukua 6%, njano unabaki ulipo, nyekundu unaweza kupunguziwa. Mwaka 2020 maeneo mawili ya magharibi yalipewa nyekundu yakapunguziwa 6%, licha ya ukubwa wa biashara hii.

Hata hivyo kinyesi na mabaki ya chakula hutua chini ya vizimba, samoni wanaotoroka huzaana na wa mtoni, na soya ya kuwalisha hutoka mpaka Brazil. Na mtu mdogo keshatolewa majini. Katika mnada wa 2018, haki ya kuongeza tani moja tu ya samaki iliuzwa kwa wastani wa kroner 195,000 hivi. Angalau sehemu ya fedha za minada hurudi kwenye halmashauri za pwani kupitia mfuko maalumu.

Kwetu ni kinyume. Paje na Jambiani, Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, mama mwenye vigingi, kamba na taitai (vijikamba vya kufungia mwani) anaingia pwani bila mnada. Mwani haulishwi chochote, unajitafutia majini. Hilo ni jema, na tusilipoteze. Lakini mama huyo hana karatasi ya eneo lake. Hoteli ikitaka ufukwe safi, au wachezaji wa tiara, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wakipita juu ya kamba zake, hana pa kusimamia.

Na joto linamla. Bamvua kwetu maji hukupwa mchana jua likiwa kali, kati ya asubuhi na adhuhuri, na maji ya kina kifupi yanachemka. Kotonii, aina ya mwani ambayo wanunuzi huilipia zaidi, huanza kuwa nyeupe, matawi yanalainika na kukatika. Mvua kubwa ikipunguza chumvi ni yale yale. Shina lililokwisha kuwa jeupe lisirudishwe kuwa mbegu, hata kama ncha bado inaonekana nzima. Dawa ya kweli ni kusogea kina kirefu, kwa kamba zinazoelea. Hapo panahitajika chombo, nanga na kujua kuogelea, vitu ambavyo kina mama wengi hawakupewa. Kuwaambia "hamieni kina kirefu" bila hivyo ni kuwaondoa kwa lugha ya adabu.

Mkulima naye ana yake ya kurekebisha. Vigingi visikatwe mikoko, mvinje upo. Kamba zitandazwe kwenye mchanga, zisiwekwe juu ya majani ya bahari ambamo samaki wadogo hukulia. Taitai zinazokatwa wakati wa kuvuna ni plastiki, zinabaki baharini. Kitanzi cha kamba kinachofungwa mara moja na kutumika msimu baada ya msimu kingeziondoa.

Kinachokosekana ni kile Norway inacho: kipimo na hesabu ya wazi. Kila shehia ya mwani iwe na kipimajoto, na joto liandikwe kila bamvua pamoja na kamba ngapi zimekufa na bei aliyotoa mnunuzi. Viwanja viandikwe kwa majina ya wanaolima, wengi wao wanawake. Na hoteli inayotumia ufukwe huo huo ichangie mfuko wa shehia, fedha za mwanzo zinunue mashua na jaketi za kuokolea maisha.