Nishani ya Babu Haisemi Yote

Hapa Bombo, Uganda, katika jamii yetu ya Wanubi, ni vigumu kupata nyumba ambayo haikuwahi kutoa askari wa Keya, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 na kuliita King's African Rifles. Siku hizi wajukuu hufungua masanduku ya wazee, hupiga picha nishani kwa simu na kuzisambaza zikiwa na maelezo mafupi tu: huyu alipigana Bama, yaani Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Nafurahi kuziona, ila nina neno.

Nyumbani kwetu nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka nilipoisoma ile nishani ya nyota ya shaba iliyomo sandukuni mwa babu. Haikuandikwa Burma, iliandikwa Africa, na nyota hiyo walipewa, miongoni mwa wengine, askari waliopigana na Waitalia huko Uhabeshi mwaka 1940 na 1941. Hilo pekee halithibitishi kwamba babu hakufika Burma mwaka 1944, kwa kuwa askari mmoja aliweza kupata nyota zote mbili, na moja ikapotea au ikauzwa. Isitoshe, nyota za vita vile Waingereza walizitoa bila kuchonga jina la askari, kwa hiyo nyota iliyomo sandukuni haiwezi hata kutuambia ni ya babu au ya kaka yake. Ndiyo maana nasema karatasi ya kuachishwa jeshi, yenye namba ya askari na kikosi chake, ina thamani kuliko shaba, ingawa ndiyo inayoliwa na mchwa kwanza. Ukishakijua kikosi, unaweza kufuatilia safari zake katika shajara za vita zilizohifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London.

Jambo la pili ni zito zaidi, na baadhi ya ndugu zangu hawapendi nikilitaja. Ukoo wetu haukuanzia Bama. Wazee wa wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko Ikweta, kusini mwa Sudan, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, na wengi wao wakatumiwa katika vita dhidi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Mwaka 1897 baadhi yao waliwaasi maofisa wao, wakilalamikia mshahara mdogo uliocheleweshwa na safari zisizokwisha. Sasa, tukiandika ushujaa wa babu na kuuruka moto uliochoma vijiji vya Bunyoro, Mnyoro atakayesoma atatuelewaje? Yeye naye ana babu. Mimi naona tuandike yote mawili, na tutenganishe tuliyosimuliwa na tuliyoyakuta kwenye maandishi.

Kwa sasa kazi yangu ni picha moja ya askari sita. Shangazi ndiye pekee aliyebaki anayezijua sura zile. Nimekwenda kwake mara mbili na daftari, na wawili kati yao bado hawajapata majina.