Nani Anamchagulia Muuguzi Wodi ya Kuipenda?

Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya uuguzi wanataka kubobea kwenye nini, majibu utayajua kabla hawajafungua mdomo. ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Chumba cha dharura. Watoto. Ukunga, hasa kwa wasichana, ingawa siku hizi na wavulana wamo. Wa afya ya akili utampata mmoja, naye wenzake watamcheka kidogo. Wa kuhudumia wazee simkumbuki hata mmoja.

Wengi husema hilo ni suala la wito. Mimi siamini. Kijana anaingia chuoni na PCB yake (fizikia, kemia na baiolojia), miaka minne baadaye anatoka na mapenzi ya wodi moja na hofu ya nyingine, nasi tunasema ndivyo alivyoumbwa. Chuo ndicho kilichompangia, tena bila kukusudia.

Tazama wanavyoingia. Kwa wengi wao uuguzi haukuwa chaguo la kwanza kwenye maombi ya chuo. Juu palikuwa na udaktari, pengine famasia, ushindani ukawa mkali, nafasi ikapatikana huku. Si aibu, na wapo wauguzi hodari sana waliopita mlango huo. Lakini mtu wa namna hiyo akifika ICU, akaona mashine za kupumulia, monita, na daktari akigeuka kumsikiliza nesi aliyesema presha inashuka, anapata kile alichokikosa. Mpeleke kliniki ya watoto akapime uzito kwenye mizani ya kuning'inia, atahisi ameshushwa cheo. Hakuna anayekaa naye kumwonyesha kwamba kwenye mizani ile ndipo mtoto mwenye utapiamlo anapogundulika mapema, kabla hajaletwa wodini hajiwezi.

Ila hayo ni madogo ukilinganisha na mazoezi ya wodini. Leba, mwanafunzi ana kazi ya mikono na kazi hiyo inahesabiwa: ana idadi ya akina mama anaotakiwa kuwazalisha, na kila mmoja anasainiwa. Mkunga wa zamu, hata awe mkali namna gani, atamshika mkono auweke juu ya tumbo la mama, amwambie, "Sikia hapa, hiki kichwa. Vidole vingapi vimebaki juu?" Atamgombeza alama ya partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ikikaa pasipo pake. Usiku wa manane mtoto analia, mama anauliza nesi anaitwa nani ili ampe mwanawe jina hilo, basi, huyo binti umeshampoteza kwa wodi nyingine zote. Ni mkunga huyo.

Sasa njoo wodi ya afya ya akili. Kundi zima la wanafunzi kwa wiki chache, wamesimama kando ya ukuta na mafaili mkononi. Njiani wameshaonywa wasivae hereni wala mkufu, wasimpe mgonjwa mgongo. Ushauri ni sahihi, lakini mara nyingi ndio somo pekee wanalolikumbuka. Mwalimu amewapokea asubuhi, amesaini mahudhurio, amerudi chuoni ana kipindi. Wauguzi wa wodi ni wachache, wagonjwa ni wengi. Mwanafunzi anaandika historia ya mgonjwa, anashuhudia mtu akishikwa achomwe sindano, jioni anarudi hosteli. Mgonjwa yuleyule atakapotulia, akaanza kuulizia shamba lake na mahindi aliyoyaacha, akakunja nguo zake ndugu waje kumchukua, mwanafunzi hatakuwepo. Zamu yake ilishaisha. Amebaki na ile picha ya sindano, na kwa picha hiyo ndiyo tunamtaka achague.

Wala si sisi peke yetu. Huko Australia mtafiti Brenda Happell amelifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1990. Aliwakuta wanafunzi wanaoanza uuguzi wameiweka afya ya akili karibu na mkia wa orodha, watoto na ukunga wakiwa juu, na katika kazi zake za baadaye akaonyesha kwamba mazoezi ya wodini yaliyosimamiwa vizuri hubadilisha mtazamo huo. Uingereza wao humtaka mwombaji achague kabla ya kuanza: watu wazima, watoto, afya ya akili, au ulemavu wa kujifunza. Ungedhani hapo wito ndio unaoamua. Lakini ruzuku ya masomo ilipofutwa England mwaka 2017, maombi yalishuka, na fani ya ulemavu wa kujifunza iliumia vibaya kwa kuwa ilitegemea sana watu wazima wenye familia, wasioweza kusoma bila hela mkononi. Mwaka 2020 serikali ikarudisha pauni 5,000 kwa mwaka, na kuongeza 1,000 kwa fani zenye uhaba, afya ya akili ikiwemo. Kumbe wito nao una bei.

Kwetu Tanzania shahada ya uuguzi inatoa muuguzi na mkunga wa jumla, na kubobea kwa kawaida kunakuja baadaye, kwa shahada ya uzamili. Hapo unachagua kilichopo mezani. Chuo kikuu cha Muhimbili, kwa mfano, wana uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Wakenya wana njia ninayoionea wivu: muuguzi mwenye stashahada anaweza kurudi KMTC, chuo chao cha serikali cha mafunzo ya tiba, akasomea stashahada ya juu ya wagonjwa mahututi, figo au afya ya akili, kisha akarejea wodini na ujuzi wake, bila kupitia kwanza shahada.

Pendekezo langu halihitaji jengo jipya. Dodoma kuna vyuo vikuu vya UDOM na St. John's, na Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko mjini humohumo. Mwanafunzi apewe mgonjwa mmoja, awe naye tangu anapolazwa mpaka anaporuhusiwa, hata ikibidi arudi mara moja kwa wiki wakati anasoma kozi nyingine. Asainiwe kama anavyosainiwa leba. Wahadhiri watasema ratiba imejaa. Imejaa kweli, nami nimeiona. Lakini hatujawahi kumruhusu mwanafunzi amalize chuo kwa kusoma uzazi kwenye mafaili, ratiba iwe imejaa namna gani.

Liko na jingine linalonikera zaidi. Muuguzi akijikaza, akaenda uzamili wa afya ya akili, akarudi na cheti, tunamfanyia nini? Tunampa ofisi. Anakuwa matroni au patroni, anapanga zamu, anasaini fomu za likizo, anakaa kwenye kamati ya manunuzi. Au anachukuliwa na chuo akafundishe darasani. Wanafunzi wakija wodini wanapokelewa na kijana aliyeajiriwa juzi, aliyepangiwa pale bila kuulizwa na anayesubiri uhamisho. Mtu pekee ambaye angewaonyesha kazi hii inavyofanywa na anayeipenda yuko ghorofani na mhuri. Wao wanaona, wanajua kusoma kwa bosi wao nini kinalipa.

Hospitali na vyuo vikubaliane basi: mwenye uzamili, awe mhadhiri au matroni, awe na saa zake za wodini zilizoandikwa kwenye ratiba na kuhesabiwa anapopandishwa daraja. Nusu siku, mara tatu kwa wiki, avae sare, wanafunzi wamwone akikaa kitandani na mgonjwa na kuongea naye. Kiti chake cha ofisini hakuna atakayekiiba.