Mwendo wa Mwanga, Lakini Mwanga Upi?

Nimechoka na huu mwendo wa mwanga. Kila anayeuza kitu mjini anauza mwendo wa mwanga. Asubuhi hii nimekaa barazani na heshima zangu, chai ya rangi mkononi, umeme umekatika kama kawaida, mara anaingia kijana wa faiba, fulana mpya, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nimekuletea intaneti ya mwendo wa mwanga!"

Nikaweka kikombe chini. Mwanga upi? Wa wapi? Kwenye utupu, kule kusiko na hewa wala jirani, mwanga unakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Tangu 1983 hata mita yenyewe imefungwa kwenye namba hiyo. Lakini faiba ni waya wa kioo, na mwanga ukishaingia kwenye kioo unabaki na kama laki mbili. Theluthi nzima imeliwa njiani.

"Kwa hiyo unaniuzia theluthi mbili ya mwendo kwa bei ya mwendo mzima?"

Akacheka. "Mzee bwana! Theluthi mbili ya mwanga si bado balaa?"

Hajui kwamba binti yangu wa kidato cha tatu somo hili amelikariri kwa sauti usiku, na mshika tochi nilikuwa mimi. Nikamkalisha. Nikamweleza kwamba mwaka 1850 Mfaransa Foucault, kwa kioo chake cha kujitazamia kilichokuwa kinazunguka, alionyesha mwanga unakwenda polepole majini kuliko hewani: kama kilomita 225,000 hivi kwa sekunde. Kwenye almasi ndiyo usiseme, 124,000, hata nusu haifiki. Halafu 1999, huko Marekani, mama mmoja wa Denmark, Lene Hau, na wenzake waliupitisha kwenye wingu la atomi za sodiamu lililopozwa karibu na mwisho kabisa wa baridi. Ukatambaa mita 17 kwa sekunde. Piga hesabu: kilomita 61 kwa saa. Bodaboda wa mtaani kwetu anaupita huku anaongea na simu.

Kijana akatoa fomu taratibu. "Sasa mzee, wa kwetu haujapozwa."

"Wenu haujapozwa. Ofisi yenu ndiyo imepozwa!"

Maana mwanga wa watu hauna kosa. Umepungua theluthi, sawa, lakini kwa nyaya za baharini zilizoanza kutufikia 2009 unatoka Dar unaingia Marseille hujafumba na kufumbua. Anayechelewa ni fundi. Jirani yangu kakatikiwa, kila akipiga simu anaambiwa fundi yuko njiani. Njia gani hiyo? Ya kioo? Ya almasi? Akifika anasema tatizo liko kwenye nguzo, na nguzo si idara yake! Kitu pekee kinachosafiri kwenye utupu nchi hii ni bili. Haijawahi kupunguza mwendo hata siku moja.

Na maji nayo. Kata imezama kwenye pipa, naiona hapo hapo juu, nimezamisha mkono nimelowa hadi kwapani. Binti ananiambia ndivyo ilivyo, mwanga ukitoka majini unapinda, kina kinaonekana robo tatu tu. Hata pipa langu mwenyewe linanipunja.

Uniti za umeme sizisemi.

Kumbe mama watoto yuko dirishani, na katika hotuba yote hiyo amedaka neno moja: almasi. Anauliza Mwadui, kule kwenye mgodi wa almasi, ni mbali? Nikamwambia Mwadui iko Shinyanga, na basi la Shinyanga mimi silipandi tena. Wanakuuzia siti ya dirishani, unaingia unakuta iko juu ya gurudumu, magoti yako kidevuni, na dirisha lenyewe ni bati. Ukimuuliza kondakta anakwambia, "Mzee, dirisha si lile pale mbele, kwani hulioni?"