Nimekuona Kwenye Rejista

Jumatatu mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa kliniki ninakofanya kazi ya tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu mwenye maumivu ya moyo kupitia kuchora, hapa Leeds. Hata hajakaa akaniambia, "Nilikutafuta kwenye rejista, nimekuona." Nilifurahi hadi nikageukia kabati nikajifanya napanga rangi.

Rejista hiyo inatunzwa na baraza linaloitwa Health and Care Professions Council. Hapa Uingereza ukijiita mtaalamu wa tiba ya sanaa na jina lako halimo, ni kosa la jinai. Kuingia humo ni shahada ya uzamili, miaka miwili ukisoma muda wote, mitatu ukisoma huku unafanya kazi. Unapelekwa hospitali na shule kujifunza kwa vitendo. Na wewe mwenyewe lazima uende kwa mtaalamu, ukae upande wa mgonjwa, uyatoe ya kwako. Mimi nilikuwa nafagia ofisi za watu usiku ili nimlipe wangu. Kila baada ya miaka miwili nalipa ada tena, na naweza kuulizwa nimejifunza nini kipya.

Nikisema nasi nyumbani Tanzania tuwe na rejista, nawasikia. "Kapanda ndege juzi, leo anatuona washamba." Wengine mtasema Edward Tingatinga, mchoraji wetu, alichora kwa rangi ya baiskeli bila cheti cha mtu. Ni kweli, na najivunia kuliko mnavyodhani. Picha ya chui iliyoko ukutani kwangu niliibeba kwenye begi kutoka Morogoro Stores, kule Dar es Salaam, na kila mgeni lazima aisikie habari yake. Hata hawa wenzetu hawakuanza na vyeti. Adrian Hill alikuwa msanii anayeumwa kifua kikuu, akawa anachora kitandani sanatoriamu, na mwaka 1942 ndiye aliyeipa kazi hii jina. Chama chao kilizaliwa 1964, usajili wa kisheria ukaja miaka ya 1990. Kwa hiyo msiniambie nadai tufanye kesho walichokifanya kwa nusu karne. Na hawajamaliza: mpaka leo mtu yeyote hapa anaweza kujiita mshauri nasaha, sheria haimgusi.

Ninachodai kinatokana na Desemba, nilipokuwa nyumbani.

Mpwa wangu ana miaka kumi na sita. Mei alimzika baba yake, kaka yangu. Rafiki yake akampeleka Mikocheni kwenye "siku ya tiba ya sanaa". Mwendeshaji alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu. Binti akachora nyumba isiyo na mlango. Yule bwana akaichukua, akainyanyua mbele ya watu kama arobaini, akamuuliza, "Mlango uko wapi? Nani kakufungia?" Mtoto akalia. Watu wakapiga makofi, eti ametoa ya moyoni. Kabla daladala haijamfikisha Temeke, picha, sura yake na jina lake vilikuwa mtandaoni.

"Shangazi, naomba waifute."

Nilipiga simu kwa heshima zote. Nikajibiwa, "Dada, tunaelimisha jamii." Ilikaa siku tisa.

Kliniki kwetu mchoro wa mtoto ni siri yake kama lilivyo faili la mgonjwa. Unafungiwa kabatini. Simwambii maana yake; nakaa naye, nasubiri aseme mwenyewe, na asiposema wiki hiyo basi. Ningeubandika mtandaoni, yule mama angeandika barua kwa baraza, ningeitwa kwenye shauri, na ningeweza kufutwa. Kwa ajili ya mpwa wangu nilitafuta pa kulalamika: nilimuuliza daktari, nikamuuliza wakili, nikawauliza niliosoma nao Mlimani. Kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Nikarudi Leeds nikiwa bado naelekezwa.

Kuna mtu ataandika hapa chini: "Tukisubiri shahada zenu, watoto wetu watamalizwa na mawazo." Hilo linanichoma, maana najua wataalamu wa afya ya akili tulionao ni wachache mno. Mwalimu wa Manzese anayewanunulia watoto rangi kwa mshahara wake, wakakaa Jumamosi wakachora wakacheka, namheshimu, na sitaki mtu yeyote amzuie. Ninachomwomba ni aite darasa la kuchora. Gari linalokwenda Mbagala hatukubali liandikwe Tegeta, tutamshusha kondakta kwa kelele. Kwa nini kwenye vidonda vya watoto tunanyamaza? Tuanze hata na orodha ya watu ishirini, majina yao, walikosoma, na namba ya kupiga mtu akikosewa. Hilo nalo ni uzungu?

Juzi nilimpigia mpwa wangu. "Shikamoo shangazi." Tukaongea shule, tukaongea mvua. Nikamuuliza zile rangi nilizomwachia. Akasema zipo juu ya kabati, hajafungua boksi.