Testosteroni Si Habari ya Kitandani Pekee

Mwanamume akitajiwa testosteroni, ile homoni ya kiume, ama atacheka ama atabadilisha mada. Kwake neno hilo ni nguvu za kiume, basi. Naona hapo ndipo tunapojiponza.

Rafiki yangu wa miaka 50 na kitu aliteleza bafuni, akajishikiza kwa mkono, kifundo kikavunjika. Kuteleza kule kule kwa kawaida! Daktari hakuishia kwenye plasta. Aliuliza habari za usingizi, uchovu, halafu akauliza: unanyoa ndevu mara ngapi kwa wiki? Jamaa akacheka. Zamani alinyoa kila siku. Sasa wembe hupumzika siku nne. Majibu ya vipimo yalipotoka, homoni ilikuwa chini, mifupa imepungua uzito, na damu nayo haitoshi.

Mifupa ya mwanamume inaitegemea homoni hii, tena sehemu kubwa baada ya kugeuzwa kuwa estrojeni (ndiyo, ile ile tuliyozoea kuiita ya wanawake). Uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, nao huchochewa nayo utengeneze chembe nyekundu za damu. Ikipungua, mtu anapanda ngazi akihema, na watu wanamwambia ni uzee. Misuli inanywea, kitambi kinachukua nafasi. Kitambi nacho hakikai bure: mafuta yake huigeuza testosteroni kuwa estrojeni, hivyo tumbo likizidi kukua, homoni inazidi kushuka. Kisukari cha aina ya pili hupenda kuandamana na hali hiyo. Hamu kupotea na huzuni isiyo na sababu, hayo mnayajua.

Kinachonikera ni unga na vidonge vya "kurudisha ujana". Anayevinunua hajapima chochote. Na kupima kuna utaratibu wake: damu hutolewa asubuhi, wakati homoni iko juu, kisha kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ana upungufu. Kijana anayetaka watoto ajue pia kwamba sindano za testosteroni huzilaza korodani. Ubongo ukiona homoni imejaa, huacha kuziagiza zifanye kazi, na mbegu zinaweza kupungua hata zikaisha.

Rafiki yangu alianza na kupunguza kilo na kutibiwa tatizo la pumzi kukatika usingizini, dawa zikafuata baadaye chini ya daktari. Mkono umepona. Juzi nilimkuta kidevu kikiwaka, nikamuuliza amenyoa lini.

"Jana. Na kesho tena."