Ndiyo, Yule wa Kwenye Klipu ni Mimi

Kwa kuwa ile klipu ya mtu wa koti la manyoya aliyekwama topeni Manda imeshafika hadi Faza, kisiwani Pate, na jana shangazi yangu wa Malindi kanipigia simu kuuliza kama ni mimi "yule dubu wa Manda", wacha niisimulie mwenyewe. Aliyerekodi simtaji. Ajijua, na ana deni langu la shilingi 500.

Tuanze na koti. Ndege zetu hizi ndogo mzigo ni kilo 15 kwa kichwa, na Bremen, Ujerumani, tuendako, muhula wa baridi waanza Oktoba. Nikapiga hesabu zangu: kilicho mwilini hakipimwi. Nikavaa suruali mbili, sweta, buti, na juu yake koti la manyoya la mtumba nililolinunua soko la Gikomba, Nairobi, lafika magotini. Saa tatu na nusu asubuhi. Lamu. Punda wa uwanja wa Mkunguni walisimama wakanitazama.

Halafu lile suala la nani amfuata nani. Barazani nilikuwa nasema "twaenda kusoma". Kwenda, twaenda. Anayesoma ni mke wangu, uzamili wa viumbe vya bahari. Viza yangu mimi ni ya kumfuata yeye. Nilichosoma ni Kijerumani cha A1, ngazi ya chini kabisa, maana mwenza kwa kawaida hudaiwa cheti hicho kabla ya viza. Nilifanya mtihani Nairobi, nikapita, nikarudi natembea mtaani Langoni kama balozi. (Nyie mliokuwa mwanisalimia "Herr Swaleh", nawaona leo mmenyamaza.)

Mke akatangulia kwa motaboti hadi kisiwa cha Manda, kwenye kiwanja cha ndege, pamoja na mama yake, mizigo na shangazi sita. Mimi nikabaki kuagana na wazee. Nauli ya boti ya abiria ni pesa ya bajia tu, lakini mtu akishafungia euro 11,904 benki ili ubalozi umsikilize, hata bajia yauma. Binamu yangu mwenye mashua akaniambia, "Njoo, nakuvusha bure."

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa wa kumi na nne. Mtoto wa Lamu wa miaka sita ajua maana yake: bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na ikifika saa nne asubuhi yamekupwa, mafungu yote ya mchanga yako nje. Binamu alijua. Mimi nilijua. Babu yangu alikuwa nahodha, Mungu amrehemu asiione klipu. Tukashika njia ya mkato pembeni mwa mikoko.

Krrrr.

Tukapwelewa. Gati la Manda lile pale, hatua mia mbili labda, na juu yake shangazi sita wamejipanga. Nikasema si neno, nitateremka nitembee. Mguu wa kwanza ukazama hadi kifundoni. Wa pili hadi gotini. Nikauvuta wa kwanza: mguu ukaja, buti likabaki. Nikainama kulipapasa, koti likanywa maji. Jamani, koti la manyoya likishiba maji ya bahari lina uzito wa ng'ombe. Nikakaa. Sikuamua kukaa, tope lilinipokea tu, polepole, kwa adabu, hadi kiunoni, kama mwenyeji akuvutaye ndani ule kwanza. Kaa mmoja akapanda mkono wa koti, akanitazama, akashuka zake.

Hapo kikapita chombo cha watalii mkondoni. Mzee mmoja wa kizungu akanipigia kelele. Kwa Kijerumani! Kichwani mwangu ukafunguka mlango mmoja tu, ule wa mtihani, ambapo wajitambulisha kisha wataja jina lako herufi kwa herufi. Nikainua mkono uliojaa tope.

"Guten Tag! Ich heiße Swaleh. Ich komme aus Kenia."

Mzee akabaki mdomo wazi. Nikadhani hakulisikia jina.

"Es. Ve. A. El. E..."

Nilipofika "Ha", ndege ikanipita juu ya kichwa.

Mke wangu alikuwa amenipigia mara nne. Simu ilikuwa kwenye suruali ya ndani, ile ya chini ya tope. Naambiwa alisita mlangoni pa ndege, mama mkwe ndiye aliyekata shauri: "Panda, mwanangu. Huyu hata akifika huko, atakwama."

Basi nikavutwa kwa kamba, nikamwagiwa ndoo nane gatini, tiketi ikabadilishwa kwa faini nisiyoitaja mbele ya mama. Mke kashafika. Katuma picha ya chumba: kitanda, dirisha, mvua. Chini yake kaandika, "Wiki ijayo twafundishwa maji kupwa na kujaa. Nikuwekee nakala?"

Naondoka Alhamisi, kwa boti ya abiria, na shati. Koti nililianika darini likauke, lakini paka keshalala ndani ya kofia yake tangu juzi, na mama kanikataza kumgusa kwa sababu ana mimba.