Wema uliopewa uhamisho

Mpwa wangu wa Likoni ana ualbino. Miwani anayo, lakini miwani haimalizi kazi: uoni wake ni hafifu, na jua la Mombasa likipiga ukuta wa chokaa na kurudi dirishani, ubao kwake huwa mwanga mtupu. Gredi ya tatu alibahatika. Mwalimu wake alimkalisha mbele, mbali na dirisha, akamruhusu kuvaa kofia darasani, na kila alichoandika ubaoni alikisoma kwa sauti. (Hilo la sauti liliwafaa hata wenye macho mazima.) Kisha yule mama akapewa uhamisho. Aliyekuja akamvua kofia, eti si yunifomu, na alipomkuta akinakili kwa daftari la jirani akamwita mwizi wa majibu mbele ya wenzake.

Mie hapa Leicester ni msaidizi wa darasani. Tuna binti mwenye macho kama yake. Ikifika Septemba, mwalimu mpya kabla hajamjua sura keshasoma karatasi yake: herufi za ukubwa gani, kiti kipi, muda gani wa ziada kwenye mtihani. Mpango wa namna hii una nguvu ya sheria hapa Uingereza tangu 2014, na waweza kumfuata kijana mpaka miaka 25. Mwalimu awe mkali, awe mpole, karatasi ni ile ile.

Msidhani huku peponi. Sheria inasema wiki 20 tangu ombi hadi mpango kutolewa. Nimekaa na mzazi aliyengoja zaidi ya mwaka. Na ule upole wa mwalimu wa Likoni, niseme kweli, huku sijauona mara nyingi.

Ila upole wake uliondoka naye. Ndugu zangu wakiniambia Wazungu wana pesa, nawauliza: kofia ni shilingi ngapi? Kusoma ubao kwa sauti je? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, imeshampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Hakuna aliyeandika tu ajaye afanye nini.

Basi nimeandika mie, ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu. Dada akaupeleka. Mwalimu mkuu kausoma mara mbili, kaubandika ndani ya rejista. Kofia imerudi. Muda wa mtihani, kasema, ataulizia.